Magari Yaliyokuja Yamekaa

Nyanya yangu, kwetu tunasema kukhu, hakuwa mtu wa kuamini mto. Nilikuwa mdogo, tunatoka kusaga, unga uko kichwani mwake na mkono wangu uko ndani ya mkono wake, na mto umejaa kwa sababu huko Elgon kumenyesha. Sasa mto ukijaa kidogo unapiga kelele na kurusha povu, kila mtu anaona uko na hasira. Lakini ukijaa kabisa, ukafunika mawe yote, unanyamaza. Unakuwa laini kama uji uliopoa kwenye bakuli. Unautazama unasema haya maji hayajatoka hapa tangu asubuhi. Kukhu alikuwa anatoa gunzi la mahindi kwenye kikapu, anatupa katikati. Gunzi lilikuwa linaondoka kama limeitwa. Ndipo anasema, "Umeona? Tukae." Na tunakaa chini na unga wetu.

Siku moja hakuwa na gunzi. Akavua kitambaa cha kichwa, akatupa hicho. Kikaenda. Tulirudi nyumbani kwa njia ya mbali, yeye kichwa wazi, na babu akauliza ni mwanamume gani amechukua kitambaa. Waligombana wiki nzima. Kukhu akasema afadhali agombane akiwa hai.

Baadaye daraja lilijengwa pale, na daraja halitaki gunzi. Lami ikafuata, soko likakaa kando ya lami, mahali barabara ya kutoka Kitale inateremka kwenda upande wa Bungoma. Soko likaleta watu. Wauza kabeji wa Trans-Nzoia, washona viatu, wahubiri wa kila aina. Na likamleta yeye. Jina lake nalijua lakini sitaliandika. Sisi tulimwita Fundi, na hata akipiga simu alikuwa anasema tu, "Fundi hapa." Mke wake alikuwa wa ukoo wetu, kwa hivyo kwangu ni dada, na yeye ni shemeji. Shemeji kwetu unaweza kumtania mpaka akasirike, na yeye hana ruhusa ya kukasirika. Mimi shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo nikiandika vibaya mahali, mnivumilie. Mambo yenyewe niliyaona kwa macho.

Kazi yake ilikuwa kufunika magurudumu. Ukitazama gurudumu la gari utaona liko na matundu na mashimo kule katikati. Fundi alisema yale mashimo yanachota upepo kama vile kata inachota maji mtungini, na gari inabeba huo upepo bure, na petroli ndiyo inalia. Alikuwa ameona mashindano ya baiskeli kwenye televisheni ya hoteli moja Kitale, gurudumu la nyuma limezibwa lote kama sinia, na hiyo chai yake ikapoa mbele yake. Tangu siku hiyo hakuwa na habari nyingine.

"Upepo ni mgeni mlafi, shemeji," alikuwa ananiambia. "Ukimfungulia mlango anakula mpaka sufuria."

Vitu vyake vilikuwa vya bei ya chini kabisa. Mabeseni yaliyopasuka, vifuniko vya mapipa, mabati yaliyotolewa paa. Alikuwa anakwenda Kipsongo kwa wale wanaookota vyuma na plastiki, anarudi na mzigo mgongoni kama kobe. Baada ya uchaguzi ndipo alikuwa anafurahi zaidi, kwa sababu ya yale mabango ya plastiki ya wagombeaji. Alipigilia msumari katikati ya bango, akafunga uzi na chaki, akazungusha duara. Halafu anakata mkasi kutoka ukingoni mpaka katikati, anavuta upande mmoja juu ya mwingine kidogo, anapiga ribiti, na ile plastiki inatuna kama kofia ya Mchina. Uso wa mheshimiwa unakwenda ndani, upande wa matope. Nje anapaka rangi nyeupe. Anafunga kwa waya na vipande vya tyubu, na gurudumu linakuwa jicho lililofumba.

Mtu mwingine angesema ni uwongo, lakini alikuwa anapima. Mke wake alifumua sweta kuukuu, na Fundi akabandika nyuzi zile kuzunguka gurudumu, halafu akachuchumaa kando ya barabara na kumwambia dereva apite. Bila kifuniko nyuzi zilichachawa kama watu walioona nyoka. Zikiwa na kifuniko, zililala. Fundi alikuwa anasimama hapo akitabasamu peke yake, vumbi lote mdomoni.

Mke wake alikuwa anauza uji upande wa pili wa barabara, tukamwita Mama Uji. Alikuwa hasikii. Si kwamba alizaliwa hivyo. Ni ugonjwa ulimpata akiwa tayari mama wa watu, ukamwacha na mdomo ukaenda na masikio. Kwa hivyo aliongea kama wewe na mimi, ila sauti ilikuwa chini sana au juu sana. Ukitaka akusikie unasimama mbele yake anasoma midomo yako. Alikuwa anapenda kusema amepumzika, ati dunia iko na maneno mengi ya bure. Siku moja mhubiri wa spika kubwa alikuja akasimama karibu na sufuria yake, sisi wote tumeziba masikio, yeye anakoroga uji na kumtazama kwa huruma. Akaniuliza, "Huyu jino linamuuma?"

Barabara alikuwa anavuka kwa kutazama magurudumu. Huu ndio ufundi wake. Gari ikiwa mbali inakujia mbele, huwezi kusema kwa macho kama imesimama kushukisha watu au inakuja. Lakini pale kwetu barabara inapinda kidogo, unaona ubavu wa gari na matairi. Mashimo ya rimu yakizunguka, anangoja. Yakitulia, anavuka. Miaka mingi alivuka hivyo na jagi lake la uji, na hakuna hata pikipiki ilimgusa.

Nafikiri umeshaona ninakoelekea. Sisi pia tuliona. Hilo ndilo linanisumbua nikikaa hapa, kwamba hakuna mtu anaweza kusema jambo hili lilikuja likiwa limejificha.

Wa kwanza walikuwa kuku. Kuku wa barabarani ni mwerevu, amesoma lami kuliko sisi, lakini mwaka ule vifuniko vilipoanza kushika, kuku walikufa kama wanaoalikwa. Halafu mbuzi wa mshona viatu. Mshona viatu akaenda kwa Fundi na kichwa cha yule mbuzi.

"Angalia kazi yako."

"Mimi sikuwa naendesha," Fundi akasema.

"Mbuzi yangu alikuwa anaangalia gari, bana. Alikuwa anaiangalia kabisa. Hakukimbia."

"Si mbuzi ni mjinga tu."

"Huyu hakuwa mjinga. Huyu alikuwa anafungua mlango wa jikoni."

Watu wakacheka. Fundi pia akacheka, akampa bati la paa.

Na mambo yaliongezeka kwa sababu ya mchezo wa madereva. Pale juu kuna kanisa, na kuanzia kanisani ni mteremko mpaka darajani. Madereva wa pikapu walikuwa na tabia ya kuzima injini pale kanisani na kuachilia gari iteremke yenyewe, ili petroli ipumue. Zamani gari ilikuwa inachoka kabla ya soko, dereva anawasha tena. Lakini na vifuniko vya Fundi zilianza kupita soko zima, nyingine zikafika darajani. Ikawa sifa. "Nimefika daraja," kijana anasema, na wenzake wanamnunulia soda. Kwa hivyo sasa zilikuwa zinakuja bila injini, bila gurudumu kuonekana likizunguka, nyeupe pande zote, zinakuja tu. Mimi na masikio yangu mazima nilishtuka mara nyingi. Unageuka, gari iko hapo, kama imepandwa.

Mama Uji ndiye aliipa hali hiyo jina. Nilikuwa nimekaa kwake na kikombe, yeye amesimama ukingoni na jagi, havuki. Anatazama juu, anatazama chini, hasongi. Nikaenda mbele yake nikamuuliza kuna nini.

"Haya magari ya shemeji yako," akasema kwa ile sauti ya juu, soko lote likasikia. "Yanakuja yamekaa."

Jioni hiyo, kabla ya kufunga, alivuka akaenda kwenye banda la mume wake. Mimi nilimfuata kwa sababu nilikuwa nimeachwa na kikombe chake. Akachukua chaki mezani, akamwekea mkononi.

"Nichoree mstari. Mmoja tu, kutoka hapa mpaka hapa. Nione ikizunguka."

Fundi akamtazama. Alikuwa na upole mkubwa kwa yule mwanamke, sitadanganya. Maji ya kuoga alimchotea yeye mwenyewe, na wanaume walimcheka. Akazungumza polepole, midomo wazi ili asome.

"Kitu kizuri hakiandikwi."

"Hata mstari?"

"Mstari ni maandishi."

"Upepo unajua kusoma?" Mama Uji akauliza.

Nilicheka mpaka nikamwaga uji. Fundi hakucheka. Akarudisha chaki mezani, akasema atafikiria. Mke wake akachukua kikombe chake mkononi mwangu, akaenda nacho nyumbani.

Kwa nini alikataa, nilikuja kujua siku nyingine, na hapa ndipo tabia ya mtu inakaa. Pikapu ya kabeji ilikuwa imefungwa vifuniko vipya, nyeupe kama meno. Ng'ombe alipita akaangusha mavi, tone moja likarukia kifuniko cha nyuma. Pikapu ikaondoka. Lile tone likaanza kuzunguka, na tukaona. Halikuwa linazunguka sawasawa. Lilikuwa linatoka nje na kuingia ndani, nje na ndani, kama mtu anayechechemea. Ni kwa sababu ya pale alipolaza plastiki juu ya plastiki. Upande ule ulikuwa mzito na ulitoka kidogo. Vifuniko vyake vyote vilikuwa vimepinda. Kikiwa cheupe kitupu hakuna jicho linaweza kujua. Weka alama, hata ya mavi, na kila mtu anajua.

Fundi alikimbia. Mtu wa umri ule, aproni inapeperuka, anakimbiza pikapu ya kabeji na kitambaa mkononi, anapiga ubavu wake isimame. Mwenye kabeji, mama mmoja mfupi wa Kitale, akatoa kichwa dirishani akifikiri tairi inatoka.

"Kuna nini, Fundi?"

"Uchafu tu, mama. Endelea."

Akapangusa. Ikaenda nyeupe. Aliporudi nilimwambia, "Shemeji, imepinda." Akaniambia, "Inapunguza petroli au haipunguzi?" Nikasema inapunguza, maana hata gari yangu ilikuwa navyo na nilikuwa naona. Akasema, "Basi."

Alikuwa hivyo. Mtu wa ukweli kwa upepo, na mwongo kwa macho. Na kuna jambo lingine ambalo sijawahi kulielewa: hakuwa anapanda gari. Kitale alikwenda kwa miguu, Kimilili kwa miguu, hata siku ya mvua. Ukimwambia ingia nikupeleke, anasema, "Mimi nitaukata upepo wangu kwa kifua." Watu wa kanisa walidhani ni nadhiri. Mke wake alisema ni uchoyo wa viatu uliogeuka, ati anaogopa viatu vikae bila kazi. Lakini mimi nafikiri aliyejua namna vitu vinavyofungwa kwa waya hataki kukaa juu yake.

Basi. Siku yenyewe ilikuwa siku ya soko, jua limesimama, watu wengi. Mimi nilikuwa kwa mshona viatu, mguu mmoja chini bila kiatu. Fundi alikuwa bandani anakunja ukingo wa bati, uso umeelekea barabara. Mama Uji akatoka na jagi la uji wa mume wake, kama kila siku. Lori likapita na moshi wake. Akangoja. Akatazama juu. Pikapu ya maziwa ilikuwa pale kwenye kona, nyeupe, ubavu wazi, magurudumu yametulia kabisa. Dereva alikuwa amezima injini kanisani na anataka kufika daraja.

Nilimwona akitazama magurudumu. Hakuwa na haraka. Aliyatazama vizuri, kama mtu anayesoma, na akaridhika. Ndipo akashuka kwenye lami.

Fundi aliita jina lake. Jina lake la msichana, ambalo sisi hatukuwa tumelisikia, na Fundi mwenyewe alikuwa ameacha kulitumia miaka mingi, kwa sababu sauti ilikuwa ya nini. Aliliita tena akikimbia. Mke wake alikuwa ametazama mbele, anaangalia uji usimwagike.

Kijana wa maziwa sikumlaumu, ingawa watu walitaka kumpiga na mimi ndiye niliyesimama mlangoni mwa gari na mguu mmoja bila kiatu. Alipiga breki, akachelewa. Alikuwa analia akisema, "Aliniona, mzee. Ameniangalia, halafu akaingia." Ilikuwa kweli. Mama Uji tulimbeba kwenda hospitali ya misheni Lugulu lakini tulikuwa tunabeba tu kwa heshima.

Siku ya kumleta nyumbani, watu wa kanisa walikodi pikapu ya kubeba jeneza. Hakuna aliyefikiri kuangalia magurudumu. Wimbo umeanza, akina mama wamejipanga njiani, na Fundi amesimama langoni amevaa koti la kuazima. Tukaona gari inakuja mteremko. Dereva, kwa heshima ya maiti, alikuwa anaendesha polepole sana bila kelele. Magurudumu meupe yamekaa. Jeneza na maua juu yake vinakuja vyenyewe, kama vinaelea, kama ule mto wa kukhu. Wimbo ulikatika. Sikusikia nani aliacha kwanza.

Fundi akatembea mpaka katikati ya njia, akainua mkono. Gari ikasimama. Akapiga magoti kwenye matope na hilo koti la watu, akatoa koleo mfukoni, sijui kwa nini alikuwa na koleo mazishini, akakata waya za vifuniko. Kimoja, kingine, akizunguka gari yote. Mzee wa kanisa akamshika bega, akamwambia, "Fundi, si leo." Akaendelea kukata. Alivipanga kando ya ua, vimelala chali, na ndani yake kulikuwa na nyuso za wagombeaji zilizofifia, zote zinacheka juu. Halafu akasimama, akamwambia dereva, "Sasa mlete." Na gari ikaingia, mashimo yanazunguka, mtu anaona.

Baada ya matanga hakufungua banda. Alinunua rangi nyekundu, ile ya kupaka milango ya duka, na brashi, akaanza kutembea barabara kutoka Kitale mpaka Bungoma akitafuta vifuniko vyake. Alikuwa anasimamisha magari. Anachora mstari mmoja, kutoka ukingo hadi ukingo, anakwenda. Vijana wa stendi walimpigia kelele, "Niaje, mzee wa rangi, tupake hata sisi." Wengine walikataa, wakasema anawaharibia gari au ni mambo ya kuroga. Hao alikaa nao. Alikaa kando ya gari mpaka mwenyewe achoke. Na magari yenye mstari yalianza kuonekana njiani yakichechemea, nje na ndani, nje na ndani, na watu waliotembea nayo miaka yote wakajua kwamba yalikuwa yamepinda. Wengine walivitoa wakavitupa. Nilisikia yule mama wa kabeji alimfuata kudai kwa nini hakumwambia, na akamkuta anachora, akageuka, akarudi.

Mimi alinifanya wa mwisho. Sijui kama alipanga. Nilikuwa nyumbani, huku upande wa Kimilili, nimekaa nje napukuchua mahindi. Akaingia langoni na mkebe wake. Alikuwa amekonda, na viatu alikuwa amekata mbele ili vidole vitoke.

"Shemeji," akasema.

"Shemeji. Kaa chini, kuna chai."

"Gari iko wapi?"

Ilikuwa nyuma ya ghala. Akaenda. Akapangusa kila kifuniko kwa kiganja, akachora. Nilisimama nikimtazama, na kwa sababu ya ile tabia ya utani nikasema, "Wewe si ulisema kitu kizuri hakiandikwi?"

"Nilisema."

"Na sasa?"

"Sasa hebu isongeshe."

Nikaingia nikawasha, nikaenda mbele mpaka kwenye ua, nikarudi nyuma. Yeye alikuwa amechuchumaa kama siku zile za nyuzi za sweta. Niliposhuka alikuwa bado anatazama lile gurudumu, ingawa lilikuwa limesimama.

"Imepinda," akasema.

"Kidogo tu."

"Upepo unajua kusoma?" akaniuliza, na nikakumbuka ni nani aliyeuliza hivyo.

Akaweka mkebe chini, brashi juu yake, rangi bado mbichi. Nikamwambia chai iko tayari. Akasema asante, akatoka langoni, akashika barabara ya Kitale. Nilifikiri ameenda kunawa mikono kwenye mfereji. Halafu nikaona haendi kwenye mfereji.

Nilimtazama kwa sababu barabara ile imenyooka. Mtu akishakuwa mbali, amekupa mgongo, huwezi kujua kama anakwenda au amesimama. Nikatafuta kitu cha kumpimia. Kulikuwa na mlingoti wa nyaya za stima. Akaufikia, akaupita, nikajua anakwenda. Baada ya mlingoti hakukuwa na kitu tena, ila lami, na yeye juu yake, amekaa.